Maalimu mzee hasikii simu, lakini anasikia maddi



Ndugu msomaji, baada ya kumshukuru Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, wiki hii ukurasa wetu unazungumzia masikio. Tumeona tuandike juu ya jambo hili kwa sababu nusura tumdhulumu mtu, na tunachelea kwamba misikiti mingine inaweza kuingia katika kosa lile lile bila ya kujua.

Katika kikao kimoja cha kamati ya msikiti wetu hapa Mpanda, ililetwa ajenda ambayo tulidhani ingemalizika kwa dakika tano. Ilimhusu maalimu wa madrasa yetu, mzee aliyekwishavuka miaka sabini, ambaye amewafundisha Qur'ani wazazi wa watoto anaowafundisha leo. Hata sisi tunaoandika makala haya, yeye ndiye aliyetushika kidole akakiweka juu ya alifu. Wazazi wawili walikuwa wamelalamika kwamba mzee hasikii. Simu yake hulia mfukoni mpaka ikakatika. Ukimwita kwa nyuma hageuki. Mtoto akimwomba ruhusa ya kutoka, humtaka arudie mara tatu. Wakauliza, na swali lao lilionekana zito: mtu asiyesikia simu iliyo mfukoni mwake, atasikiaje kosa la mtoto katika kisomo?

Hakuna aliyekuwa na jibu. Ikaamuliwa kuwa katibu aandike barua ya kumshukuru maalimu kwa utumishi wake na kumwomba apumzike. Barua iliandikwa kwa maneno mazuri, ikatiwa muhuri. Hatukuweza kumpa mkononi bila ya kwanza kukaa naye, basi asubuhi ya Jumamosi tukaenda darasani.

Watoto walikuwa zaidi ya ishirini, kila mmoja akisoma kwa sauti mahali pake, kama ilivyo desturi ya vyuo vyetu. Kwa mgeni ile ni kelele tupu. Maalimu alikuwa amekaa juu ya mkeka, ameinamisha kichwa. Ghafla aliinua mkono akamnyooshea binti aliyekaa nyuma kabisa: alikuwa amelikata maddi, mahali pa kuvuta harakati nne amevuta mbili. Hakukosea. Baada ya muda mfupi akamsimamisha mwingine kwa kuiruka ghunna. Hapo simu yake ikalia mfukoni, ikalia mpaka mwisho, na yeye hakujua.

Tukarudi nyumbani na barua yetu mfukoni, tukiwa na swali jipya. Vipi sikio moja liwe zito kwa simu na jepesi kwa maddi?

Namna sikio linavyozeeka

Tuliposoma na kuwauliza wenye elimu ya tiba, tulikuta kwamba hapana ajabu yoyote. Ndani ya sikio, nyuma ya kiwambo, kuna kiungo kidogo kilichojikunja kama gome la konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo, elfu kumi na kadhaa katika kila sikio, ambazo huugeuza mtetemo wa hewa kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Chembe za mlangoni hupokea sauti nyembamba za juu, na zilizo ndani zaidi hupokea sauti nzito za chini. Chembe hizo zikifa, mwili wa mwanadamu hauoteshi nyingine.

Kijana mwenye afya husikia sauti kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde hadi kufikia 20,000. Umri unapokwenda, zile za mlangoni ndizo hutangulia kuchoka. Kwa hiyo mzee hapotezi sauti zote kwa pamoja kama taa inayozimwa. Hupoteza kwanza zile nyembamba: mlio wa simu, sauti ya nyenje, njuga ndogo za matari. Zile nzito hubaki naye kwa miaka mingi. Akiwa maulidini, huenda mshindo wa dufu ukamfikia wote, lakini mlio wa njuga usimfikie.

Hali hiyo si ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 430 ulimwenguni wana upungufu wa usikivu unaohitaji msaada, na kwamba miongoni mwa waliovuka miaka 60, zaidi ya mmoja katika kila wanne wamo katika hali hiyo. Nasi tumekwisha kufundishwa katika Suratu Ar-Ruum, aya ya 54, kwamba mwanadamu huumbwa katika udhaifu, akapewa nguvu, kisha akarudishwa kwenye udhaifu na mvi. Anayemcheka mzee kwa masikio yake anaicheka njia ambayo yeye mwenyewe anaipita.

Sikio lililofunzwa

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni mafunzo. Hapa watafiti wamewachunguza zaidi wanamuziki, kwa kuwa hao ndio watu waliozoesha masikio yao kwa mpango na kwa miaka mingi. Hukumu ya ala za muziki ina wanazuoni wake na ina mahali pake, na leo hatuingii humo. Wala kisomo cha Qur'ani hatukiiti muziki. Lakini sikio linalosikiliza ni lile lile moja, na elimu yenye faida huokotwa popote ilipo.

Mwaka 2012 watafiti wa mji wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya kuwapima watu 163 wa umri wa miaka 18 hadi 91. Baadhi yao walikuwa wanamuziki walioanza kujifunza wangali wadogo na hawakuacha mazoezi. Katika kusikia mlio mdogo kabisa mahali pa kimya, wanamuziki wazee hawakuwashinda wazee wenzao. Chembe za sikio zilikuwa zimechakaa kwa wote. Lakini walipopewa kazi ya kufahamu maneno katikati ya kelele, mwanamuziki wa miaka 70 alifahamu kiasi cha mtu wa miaka 50 asiyekuwa mwanamuziki.

Maana yake ni kwamba mafunzo hayakulinda sikio lenyewe. Yalichokinoa ni ule uwezo wa ubongo wa kuchambua kile kidogo kinachoufikia. Ni haki tuseme pia kwamba jambo hili lingali na mjadala. Watafiti wengine waliopima watu wengi zaidi hawakuona tofauti yoyote katika hatua za mwanzo kabisa za usikivu kati ya wanamuziki na wasiokuwa wanamuziki. Basi kama faida ipo, iko huko juu zaidi, penye umakini, kumbukumbu na mazoea.

Kwa mfano wa karibu nasi, watu wa Pwani wanamkumbuka Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude. Alijifunza kwa kumsikiliza Siti binti Saad alipokuwa msichana, na aliendelea kuimba na kupiga ngoma karibu mpaka kufa kwake mwezi Aprili 2013, katika umri ambao wengi waliukadiria kuwa umekaribia au kupita miaka 100. Hatumtaji ili aigwe. Tunamtaja kwa kuwa yeye ni ushahidi kwamba alichokipokea sikio la mtoto kinaweza kuongoza sauti ya mkongwe.

Hata hivyo mafunzo hayarudishi kila kitu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walionyesha kwamba wazee hawaoni tofauti kubwa kama vijana kati ya sauti mbili zinazopatana na sauti mbili zinazogongana. Uwezo wa ubongo wa kufuata mitetemo kwa wakati wake hupungua. Huenda hii ndiyo sababu bibi hufurahia kwa dhati kaswida ya wajukuu zake, wakati kaka yao amekunja uso kwa kuwa wawili kati yao wametoka nje ya sauti.

Kipimo chetu wenyewe

Tukiwa na maarifa hayo tulimwendea maalimu, tukamwomba radhi, tukamwomba pia tumjaribu. Alikubali. Tukachukua wanafunzi wakubwa, tukawaagiza wasome wakiwa mbali naye, wamempa mgongo, na waingize makosa ya makusudi.

Makosa ya maddi, ya ghunna na ya kusimama pasipo mahali pake aliyakamata karibu yote. Hayo ni mambo ya urefu na mapigo. Yamebebwa na irabu na sauti za puani, ambazo nguvu yake iko chini, pale ambapo sikio la mzee bado lina uhai. Isitoshe, ameyasikia kila siku kwa zaidi ya miaka hamsini. Hata mwanafunzi alipohama kutoka sauti ya Bayati kwenda ya Hijazi katikati ya aya, mzee alitabasamu kabla hatujamwuliza.

Lakini mwanafunzi aliposoma thaa mahali pa siin, maalimu hakuinua mkono. Akasoma tena, hakuinua. Herufi hizo huwa hazina mvumo. Ni upepo mwembamba, na sehemu kubwa ya nguvu ya siin iko juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde, huko huko ambako umri umekwishapita. Kisha kuna jambo jingine, na hili lilitushtua zaidi. Kwa kuwa Qur'ani yote imo kifuani mwake, akili yake ilikuwa ikijaza lile lililokosekana. Mtoto alisoma makosa, naye akasikia sawa, kwa kuwa sawa ndiyo anayoijua. Hifadhi ile ile inayomwezesha kukamata maddi katikati ya kelele ndiyo iliyomficha siin.

Basi wale wazazi wawili hawakuwa wamekosea kabisa, na sisi tuliotaka kumtetea hatukuwa tumepatia kabisa.

Tulipomweleza, mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Wanangu, najua. Ni mwaka wa tatu sasa siin na thaa zinaniponyoka. Nilitaka kuwaambia, nikaogopa mtaninyang'anya watoto."

Ndugu msomaji, maneno hayo hatujayasahau. Mtu mkweli alilazimika kuificha hali yake miaka mitatu, kwa sababu alijua kwamba sisi tuna dawa moja tu ya upungufu, nayo ni kumwondoa mtu.

Mfano wa Ibn Ummi Maktum

Tulirudi kwenye sira tukamkuta Abdullah bin Ummi Maktum (radhi za Allah ziwe juu yake). Alikuwa kipofu, na Mtume (rehema na amani zimshukie) alimfanya mwadhini. Adhana ya alfajiri inahitaji macho, kwa kuwa mwadhini hana budi kuuona weupe wa asubuhi. Yeye hakuuona. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba alikuwa haadhini mpaka watu wamwambie kuwa kumekucha. Hakuondolewa kwa kukosa macho. Watu walikuwa macho yake, naye akawa sauti yao.

Mfano huo ulitutosha. Barua tuliichana, na kamati ikapanga hivi. Maalimu anaendelea kusikiliza hifdhi, maddi, ghunna na wakfu, kwa kuwa katika hayo hana mbadala katika msikiti wetu. Watoto wanaoanza herufi husikilizwa na ustadhi kijana, mwanafunzi wake mwenyewe, anayekaa mkono wake wa kulia. Kila mtoto anayesomea kwa maalimu hukaa mbele yake, karibu, uso kwa uso, ili mzee aone ulimi unapotoka kati ya meno kwa thaa na unapobaki ndani kwa siin. Na wenzake hupunguza sauti wakati huo. Wazazi wale wawili wamerudisha watoto wao.

Spika za msikiti

Jambo hili lilitufungua macho katika jingine. Kwa muda mrefu wazee wa safu za mbele walikuwa wakisema hawaifahamu khutba. Vijana wetu wa mitambo wakawa wanaongeza sauti kila Ijumaa. Wazee wakalalamika tena, safari hii kwamba sauti inawaumiza. Tukasema wazee hawaridhiki.

Kumbe walisema kweli mara zote mbili. Sikio lililochakaa hukosa sauti ndogo, lakini sauti kubwa hulifikia kwa ghafla na kuliudhi kuliko sikio la kijana. Kuongeza sauti hakurudishi herufi zilizopotea, bali huzidisha mvumo tu. Na katika jengo lenye bati juu na kuta tupu za saruji, mwangwi hulifunika neno kabla halijafika.

Tulifanya kinyume. Tulipunguza sauti, tukasogeza spika ndogo karibu na wazee, tukatundika mapazia mazito kwenye ukuta wa nyuma na kutandika mazulia. Tukamwomba khatibu aseme taratibu na asiinamie karatasi. Mzee mmoja alitwambia kwamba ile ilikuwa khutba ya kwanza kuifahamu yote baada ya miaka. Katika Suratu Al-Israa, aya ya 110, tumefundishwa kushika njia ya kati katika kisomo cha swala, pasi na kupaza mno wala kuficha mno. Tungeizingatia mapema, tungeokoa fedha nyingi za spika.

Wajibu wetu nyumbani

Kwa familia tunausia mambo machache.

La kwanza, usimpigie mzee wako kelele sikioni. Mkabili, mguse bega, zima redio au televisheni, kisha sema kwa sauti ya kawaida na polepole. Asipoelewa, badilisha maneno badala ya kuyarudia yale yale kwa ukali. Allah ametuusia katika Suratu Al-Israa, aya ya 23, kuwasemesha wazazi waliofikia uzee kwa maneno ya heshima, na "Nimeshakwambia!" yenye kufoka si katika hayo.

La pili, mpeleke akapimwe. Si kila uzito wa sikio ni uzee. Wakati mwingine ni nta iliyoziba, na huondolewa siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya. Usimchokonoe kwa njiti ya kiberiti. Wakati mwingine ni usaha, au kisukari, au dawa. Wazee wa Katavi waliotibiwa malaria kwa kwinini wanakumbuka jinsi masikio yalivyokuwa yakivuma. Na akihitaji kifaa cha kumsaidia kusikia, kisiwe aibu. Mbona miwani hatuionei haya?

La tatu, walindeni vijana. Mji wetu wa Mpanda ulikuzwa na reli na mgodi wa risasi, na leo wengi wa vijana wetu wako kwenye dhahabu, wakishinda kando ya makarasha yanayosaga mawe bila ya kitu chochote masikioni. Jioni wakirudi, hutia visikizi vya simu na kuongeza sauti mpaka aliye jirani asikie. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na kila inavyopanda ndivyo muda wa usalama unavyopungua haraka. Chembe zinazokufa leo kwa kijana wa miaka ishirini ndizo atakazozitafuta akiwa na sitini asizione. Kizuia sauti cha masikioni ni cha bei ndogo kuliko chakula cha siku moja mgodini.

La nne, wapelekeni watoto chuoni mapema. Pamoja na thawabu na elimu ya dini, mtoto anayezoeshwa kutofautisha haa na khaa, siin na swaad, anajengewa usikivu wa kumfaa maisha yake yote. Sikio lililokulia katika visomo vyetu hutambua tofauti ndogo za sauti, nyingine zisizopatikana katika vibonye vya piano, na mazoea hayo hupatikana kwa wepesi zaidi utotoni.

Tunamalizia kwa ombi kwa makatibu wenzetu wa kamati za misikiti, kuanzia Karema hadi Inyonga na kwingineko. Kabla ya kuandika barua kama ile yetu, nendeni kwanza mkakae darasani. Mchunguzeni maalimu wenu ni kipi anachokisikia na kipi hakisikii, kisha mtafuteni kijana wa kukaa mkono wake wa kulia. Kijana huyo atakuwa akimsaidia mzee, na wakati huo huo atakuwa akichota kutoka kwake kile ambacho siku moja kitaondoka naye.

Jumamosi iliyopita tulipita tena darasani. Simu ya maalimu ililia mfukoni. Mtoto mdogo aliyekaa mbele yake akamgusa goti, akamwonyesha mfuko. Mzee akaitoa, akaizima, akamwambia mtoto: "Ahsante, mwanangu. Endelea, ila hapo pa kuvuta umepakata."

Wabillahi tawfiiq.